Chai ya Maombi

Mimi ni mkulima wa chai hapa Merigi, na majuzi chai yangu mwenyewe iliniaibisha.

Kifua kilikuwa kinanibana kila nikipanda mlima na majani mgongoni. Daktari akaagiza nipigwe MRI aone kama mishipa inayolisha moyo imeharibika. Akanionya nisiguse chai wala kahawa siku nzima kabla ya kipimo, kwa sababu zinazuia dawa ya kuamsha mishipa hiyo. Nikaahidi.

Asubuhi ya safari ya hospitali majirani wakaja kuniombea. Huku kwetu maombi hayaishi bila chai, na mwenye nyumba hawezi kukaa mikono mitupu wageni wakinywa. Nikanywa kikombe, nikaongezwa kingine. Nikajiambia chai iliyoombewa haiwezi kuleta shida.

Hospitalini daktari akauliza, "Mzee, hujakunywa chai?"

"Hata tone," nikajibu, mimi mzee wa kanisa.

Nikaingizwa kwenye mashine, nikadungwa dawa. Badala ya kwenda mbio, moyo ukatulia tu kama ng'ombe aliyeshiba. Baadaye, ofisini mwake, daktari aliangalia picha, akatikisa kichwa, akaniuliza tena. Nikaapa kwamba sijaonja.

Mke wangu, aliyenisindikiza, akaitwa asikie majibu. Akaingia na thamosi, akaiweka mezani katikati yetu.

"Baba Chebet, pole. Nimekubebea ile ulibakisha asubuhi," akasema, akifungua kifuniko. "Daktari, karibu pia. Yeye ameisifu tangu nyumbani."