Mke Mwenzangu na Taka za Siku ya Uhuru

Mwamvita binti Yahaya alikuwa mke mwenzangu, na nisiseme uongo, sikumpenda. Nilipoolewa na Nassibu, fundi viatu wa mtaa wa Gongoni, Tabora, nilimkuta yeye ndani ya nyumba, na alinikaribisha kwa kunionyesha kona yangu ya jikoni na kunitaka nisiivuke. Alikuwa mrefu, mkavu, hana msamaha kwa mtu aliyechelewa kuamka. Lakini watu wakianza kunisimulia habari za wanawake mashujaa, huwa nawaacha wamalize, kisha nawapa habari za yule mwanamke aliyenigombeza miaka nenda miaka rudi kwa ajili ya sufuria.

Nyumba yetu ilikula kutokana na karai lake. Nassibu alikuwa ameanza kuumwa macho. Sindano ilimchoma vidole kuliko ilivyochoma ngozi ya viatu, na wateja wakaanza kumkwepa kwa adabu. Mwamvita akakaanga mihogo. Siku za kawaida aliuza barazani, akapata ya chumvi na mafuta ya taa. Siku zilizotulisha hasa ni zile za sherehe, Saba Saba na Siku ya Uhuru, watu walipomiminika kutoka kila upande, hata kutoka Ipole kwenye tumbaku, wakasimama uwanjani tangu asubuhi wakimngoja mgeni rasmi. Mwamvita alikuwa na mahali pake, pembeni, upande wa Gongoni. Muhogo aliutoa juu ya kipande cha jani la mgomba, na pilipili yake juu, na mimi nilikata majani. Ndiyo kazi pekee aliyoniamini nayo.

Mwenyekiti wa kamati ya sherehe alikuwa Bwana Shaban, Mzaramo wa Maneromango aliyeletwa Tabora na kazi. Mzaramo na Mnyamwezi ni watani tangu babu zetu walipokuwa wakibeba mizigo kwenda pwani na kulala kwao njiani, na mtani hakasirikiwi. Kwa hiyo Shaban alipopita barazani kwetu alichota muhogo kwenye karai bila kulipa, akasema, "We mpagazi, leo umenibebea nini?"

Mwamvita akamjibu, "Nimekubebea akili, Mzaramo, maana yako uliiuza ukanunua ngoma."

Wakacheka wote wawili, na mtu mzima yule akaenda zake anatafuna. Sikupata kumwona mwanamume mwingine aliyeweza kumchekesha Mwamvita, mume wetu akiwemo.

Ikafika Siku ya Uhuru ya mwaka ule wa Azimio la Arusha. Maembe yalikuwa yameiva mji mzima. Kamati ilitugawia bendera za karatasi zilizogundishwa kwenye vijiti, ikatupanga nyuma ya kamba. Kamba ile ilikuwa amri: ukishaingia hutoki mpaka mgeni aondoke. Na mgeni akachelewa, jua likatusimamia utosini. Watu wakala maembe, wakatafuna miwa, wakala mihogo ya Mwamvita. Mapipa ya taka yalikuwapo, mapya, yamepakwa chokaa, ila yote yaliwekwa nyuma ya jukwaa kwa wageni waliokunywa soda. Mimi nilimaliza embe langu, nikatazama kushoto na kulia, nikaangusha kokwa miguuni pangu. Sijutii. Ulitaka nilimeze?

Mgeni akaja, akahutubia, akaondoka. Mvua ikashuka palepale, kamba ikakatika, kila mtu akakimbia kwao. Kulipokucha uwanja ulikuwa umejaa makapi ya miwa, makokwa na majani ya mgomba, na katikati ya uchafu huo zimelala bendera, zimekanyagwa kwenye matope, rangi zimechuja.

Hizo bendera ndizo zilizouma. Walioshuhudia walisema Bwana Shaban alisimama pale akatokwa na machozi, na kwa hilo simlaumu, kwani Uhuru wenyewe hatukuuokota njiani. Lakini machozi yalipokauka alitafutwa mkosaji. Siku iliyofuata gari la matangazo likapita Gongoni na Chemchem na kipaza sauti chake: wachuuzi ndio wanaochafua uwanja, kuanzia Saba Saba ijayo hakuna mchuuzi atakayekanyaga pale, na wanawake wa Gongoni, kwa kuwa ni majirani wa uwanja, watakwenda kuusafisha kwa kujitolea.

Mwamvita alikuwa anageuza mihogo. Aliiacha ikaungua, jambo ambalo sijawahi kuliona kabla wala baada ya siku hiyo.

"Sasa tutakula nini?" nikamuuliza.

Nassibu akajibu kutoka ndani, kwa sauti ya mtu aliyekwisha kushindwa, "Tutafanyaje? Serikali imesema."

"Aliyesema ni Shaban," Mwamvita akasema. "Serikali sijaisikia."

Nilidhani atakataa kwenda kufagia. Kumbe alikuwa wa kwanza kufika, na gunia begani. Tukafagia, wanawake wa mtaa mzima, migongo imepinda, na tukiwatukana watu tuliokuwa tunawafagilia. Sikuzani, jirani yetu wa ukuta kwa ukuta, akasema watu wa mji huu ni wachafu tu, ndivyo walivyoumbwa.

Mwamvita akanyoosha mgongo. "Sikuzani, harusi ya mwanao watu walimwaga wali uani kwako?"

"Hawakumwaga."

"Si ndio watu hawahawa?"

"Wangethubutuje? Nilikuwa nimesimama mlangoni."

"Basi. Pale walikujua wewe. Hapa wamjue nani? Wameitwa, wamezungushiwa kamba, wamepigishwa makofi, wameambiwa nendeni. Mtu hatunzi mahali alipofungiwa."

Mimi niliudhika kwa sababu jambo lenyewe lilikuwa kweli, na lilikuwa limetoka kwake. Akaendelea kuokota. Makapi na makokwa aliyatia guniani, bendera akazifunga pembeni kwenye kanga yake, na sikumuuliza za nini.

Jumatatu akamwaga gunia lile ndani ya tenga kubwa, akajitwika, akanipa mimi furushi la kitambaa nimshikie, tukashika njia ya kwenda ofisini kwa Bwana Shaban. Nilimfuata kwa umbea tu, niseme ukweli. Alipofika hakubisha hodi. Alisimama mbele ya mlango akalipindua tenga, na makokwa yakabingirika barazani mpaka kwenye viatu vya makarani.

"Mtani," akaita, "mzigo wako umefika. Wanyamwezi tumebeba kama kawaida."

Makarani wakacheka. Shaban akatoka, akatazama uchafu ule, uso ukamkunjamana, halafu akacheka naye. Angefanyaje? Utani ni utani. "Mpagazi, umepotea njia," akasema. "Pembe za ndovu nilizoagiza ziko wapi?"

"Pembe ulizila ukiwa jukwaani. Hizi ndizo mbegu zake."

Hapo hata mapolisi waliokuwa wanapita wakasimama kucheka. Shaban akajifuta macho. "Umeniweza, mtani, umeniweza kweli. Nitakuletea kanga doti moja. Haya, nenda nyumbani kapumzike." Akageuka, akarudi ndani, na ikawa imekwisha. Nililiona jambo letu likifa mbele ya macho yangu. Kila mtu alikuwa amefurahi, na karai lilikuwa bado limepigwa marufuku. Nikamvuta mkono, nikamwambia twende.

Mwamvita hakuwa anacheka. Alishuka ngazi, akaenda kwenye bomba la pembeni, akanawa mikono mpaka viwikoni, akajifunga kanga upya, akanipokonya lile furushi. Kisha akapanda tena, akiyaruka makokwa yake mwenyewe, akasimama mlangoni.

"Hodi."

Wakamtazama tu.

"Hodi hapa."

"Karibu," Shaban akasema, bado ana kicheko mdomoni.

"Shikamoo, Bwana Mwenyekiti."

Kati ya wawili wale hapakuwahi kuwa na shikamoo. Kicheko kilimtoka Shaban usoni, na makarani wakaanza kutafuta kalamu zao. Alipoitikia, marahaba yake ilikuwa ya chini mno.

"Aliyemwaga taka ni mtani wako, ameshaondoka," Mwamvita akasema. "Mimi ni Mwamvita binti Yahaya, mke wa Nassibu fundi viatu, na sina utani."

Akalifungua furushi juu ya meza. Zilikuwa bendera. Alikuwa amezifuta moja moja kwa kitambaa kibichi, akazikausha, akazilaza chini ya godoro mpaka zikanyooka. Rangi hazikurudi, lakini zilikuwa safi.

"Hizi siwezi kukutania nazo. Na hizi hazikutoka kwenye karai langu. Mliwapa watu bendera msiwaambie ni zao. Mngewaambia, chukueni, mkazichomeke milangoni kwenu, leo Tabora nzima ingekuwa inapepea. Walidhani ni za kamati, basi wakaiachia kamati vitu vyake. Na uwanja ni hivyohivyo. Tukitaka kutoka kidogo, uwanja ni wenu. Tukitaka kukaa kivulini, ni wenu. Ukichafuka tu, unakuwa wetu."

"Bibie, mambo haya yana taratibu," Shaban akasema.

"Nimekuja kukuambia ya kwangu. Saba Saba watu wa Gongoni tutasimama pamoja upande wetu, bila kamba, na upande wetu tutautazama wenyewe. Chemchem wapeni wa kwao. Jukwaa ni upande wenu, lifagieni nyinyi. Na mimi nitakuja na karai langu nikae mahali pangu."

"Na nikisema hapana?"

"Ulishasema, kwa kipaza sauti. Ndiyo maana nimekuja kukuarifu mapema."

Shaban akasema atalipeleka suala hilo kwenye kamati. Mwamvita akamwambia alipeleke, yeye yupo. Tukatoka, mimi nikikaribia kukimbia, yeye akitembea kama anayetoka sokoni, na kwa hilo pia nilimchukia.

Nyumbani Nassibu alishika kichwa. "Watakukamata, mwanamke."

"Wakinikamata mihogo atakaanga Swaumu."

Swaumu ni mimi. Sikulala vizuri tangu siku hiyo, maana sikujua hata mafuta yanatakiwa yachemke kiasi gani.

Kamati haikujibu. Masika ikapita, majani yakakauka, na Bwana Shaban hakupita tena barazani kwetu kuchota muhogo. Alizunguka njia nyingine. Nilimwona Mwamvita zaidi ya mara moja akitenga muhogo mmoja ukingoni mwa karai, mnene, uliokaukia vizuri, na jioni akaula mwenyewe bila hamu. Alikuwa amempoteza mtani wake kwa ajili ya karai letu. Nilimwonea huruma, ila nisingethubutu kumwambia.

Saba Saba ikafika. Wapo wanaosema tangu siku hiyo uwanja wa Tabora haukuchafuka tena. Uongo mtupu, ulichafuka mno upande wa pili. Mimi nasimulia nilichokiona nikiwa na kisu cha majani mkononi.

Tuliondoka kabla ya jua kuchomoza vizuri, yeye na karai, mimi na kuni, kikapu cha taka na mgongo wa kuumwa. Akakaa mahali pake, akawasha moto. Mlinzi wa uwanja, Masolwa, Msukuma mpole mwenye rungu, akatujia.

"Mama, mihogo imekatazwa hapa."

"Najua, baba. Gari lilipita mpaka mlangoni kwangu."

"Basi ondoka."

"Niondoe."

Masolwa akalitazama rungu lake, akamtazama Mwamvita, akaitazama mihogo. Wakati huo Sikuzani alikuwa amefika na kikapu chake, akasimama nyuma yetu, na wanawake wengine wa mtaa wakaja, kila mmoja na kikapu cha taka kama Mwamvita alivyowaomba, wakasimama vilevile. Waume zao wakaja nyuma yao, pole pole, wakijifanya wamepotea. Nassibu mwenyewe alikuja akipapasa njia, akakaa chini kando ya moto. Kamba ililetwa, na watu waliokuwa wakiivuta walipotuona wakaishia katikati ya uwanja. Masolwa akaenda kumwita mwenyekiti.

Bwana Shaban alishuka jukwaani, amevaa shati jeupe jipya la sherehe. Watu wakampisha. Alikuja mpaka karibu na karai akasimama. Niliwaza nitauza nini, nitapika nini, na mume huyu kipofu nitamwambia nini. Mwamvita hakuinua macho. Aliendelea kugeuza mihogo.

Shaban akainama, akachota muhogo mmoja kwenye karai.

"We mpagazi," akasema, "pilipili iko wapi?"

Mwamvita akaninyooshea mkono bila kunitazama. Nikampa jani. Akaweka pilipili na chumvi, akampa Shaban, na Shaban akala palepale, amesimama, mbele ya watu wote, mpaka akamaliza.

Likabaki jani mkononi mwake, linang'aa mafuta. Akatazama kushoto, akatazama kulia, kama nilivyotazama mimi siku ile ya embe. Mapipa yalikuwa mbali, nyuma ya jukwaa. Kikapu chetu kilikuwa nyuma ya Mwamvita, karibu tu, na Mwamvita hakukisogeza. Sikuzani naye akakikumbatia cha kwake. Bwana Shaban akalikunja lile jani, akalikunja tena, akalitia kwenye mfuko wa shati.

Alipanda jukwaani na kuhutubia hivyohivyo, doa la mafuta likimtanuka kifuani, na Mwamvita akaniambia niache kukodoa macho nikate majani.