Bambo la Yuditha

Yuditha hanunui gunia la maharage kwa kutazama mdomo wake. Miaka ishirini na miwili sokoni Tarakea imemfundisha kwamba mdomoni ndiko watu wanakopanga punje nzuri. Yeye huchukua bambo, kile chuma chenye ncha na mfereji, hulichoma gunia chini kabisa, huchota, hunusa, hung'ata punje moja. Ndipo bei inaanza kuzungumzwa. Alianza na debe moja kichwani. Leo ana stoo yake, na wachuuzi wakimwona anakuja wanafungua magunia wenyewe.

Mwezi wa sita alijikuta anatafuta kitu kisichouzwa kwa gunia. Mama yake, Elisifa, mwenye miaka themanini na mitatu, alianguka nyumbani Old Moshi akavunjika mkono. Denis, kitindamimba, ambaye nyumba ya mama ni yake kwa mila, akapiga simu kutoka Dar.

"Dada, nakupa mpaka Jumapili. Kama hujapata mtu wa maana wa kukaa naye, nakuja kumchukua. Chumba kipo, ghorofa ya tatu."

"Ghorofa ya tatu! Na ng'ombe wake atapanda lifti?"

"Sitanii, dada."

Yuditha naye hakuwa anatania. Mwanamke aliyezeeka akikanyaga udongo wa kihamba, shamba la ukoo, umweke juu kwenye vigae atazame paa za jirani? Hatamaliza mwaka.

Msichana wa kwanza alikuja na barua safi ya kumsifu. Siku ya pili Yuditha alitokea bila taarifa, akipitia migombani, akakuta mlango umefungwa kwa nje, mama yumo ndani, na msichana yuko kwa fundi cherehani anapiga soga. Msichana aliondoka saa ile ile. Wa pili alikuwa mpole kupita kiasi: alificha mkongojo ili bibi atulie kitini. Huyo, mama alimfukuza mwenyewe, kwa Kichagga, kwa maneno ambayo Yuditha hakuthubutu kuyatafsiri.

Alhamisi akaja wa tatu, Gladness, mwanamke wa miaka arobaini hivi kutoka Kibosho.

"Barua iko wapi?"

"Sina, dada. Bibi niliyekuwa namuuguza alifariki mwezi wa pili. Miaka miwili ya mwisho alikuwa wa kitandani."

"Alifariki na vidonda vingapi mgongoni?"

Mwingine angenuna. Gladness alimtazama usoni. "Hata kimoja. Lakini usiniamini mimi. Kaulize waliomwosha, kwa mkwe wake Rachel, huko huko Kibosho."

Moyo wa Yuditha uliruka, kama unavyoruka bambo linapotoka chini ya gunia na punje safi tupu. Hakuonyesha; ukichekelea mbele ya muuzaji umekwisha. "Nitakupigia," alisema, na Gladness alipopotea tu njiani, akaita bodaboda.

"Kibosho! Kaza!"

"Kuna msiba, mama?"

"Wa tangu mwezi wa pili. Kaza hivyo hivyo!"

Walirushwa na mashimo mpaka kwa Rachel, mkwe wa marehemu, waliyemkuta anamenya ndizi uani.

"Nisamehe kwa swali langu, dada. Ni wewe uliyemwosha mama mkwe wako?"

"Mimi na wifi yangu."

"Mgongo ulikuwaje?"

Rachel aliweka kisu chini. "Kama wa bibi harusi. Tuliangaliana, hatukuamini. Gladness alikuwa hapitishi saa yake ya kumgeuza. Hata kanisani, padri akirefusha mahubiri, yeye anainuka anamwacha anahubiri."

"Sasa mbona mmemwachia aondoke?"

"Wa kuuguzwa ameisha. Ningekuwa na mwingine, usingemwona."

Yuditha alirudi akiimba mgongoni mwa bodaboda, hajali vumbi. Kilibaki kizingiti kimoja, nacho kilikuwa mama.

Ijumaa asubuhi Elisifa alikuwa barazani, mkono kwenye hogo la plasta, uso umekunjwa tayari.

"Shikamoo, mama," Gladness akasema.

"Marahaba. Na wewe umekuja kuniketisha?"

"Nimekuja kuona ulipoanguka."

Yuditha akasikia masikio yakimwaka. Alikuwa amenunua godoro, dawa, kiti cha kuogea. Mahali mama alipoangukia hakuwahi kupauliza. Mama aliinuka bila kusaidiwa, akawaongoza hadi banda la ng'ombe, akaonyesha kwa mkongojo jiwe la mlangoni, lililolainishwa na miaka hamsini ya nyayo na mkojo wa ng'ombe.

"Hapa. Na ng'ombe huyu hamtolei mtu mwingine maziwa. Kwa hiyo nitapita hapa hapa."

"Utapita, mama. Umenishika bega."

"Asubuhi tu."

"Na jioni. Nakamua mimi, wewe unakaa kwenye kigoda unaongea naye, asikie sauti yako."

"Majani yake nakata mwenyewe."

"Kwa mkono mmoja? Utanichagulia, nitakata mimi."

"Mpaka hogo litoke."

"Mpaka hogo litoke. Na mkongojo hauachwi ndani."

"Na mtori wangu wa ndizi usiusage kama wa mtoto!"

"Unataka nyama ukubwa gani?"

Mama akaonyesha kidole gumba. Gladness akaonyesha cha mwisho. Wakakutana cha kati.

Yuditha alisimama kando, mdomo wazi. Miaka yote hii alidhani kupatana bei alijifundisha mwenyewe Tarakea.

Gladness alipotaja mshahara, Yuditha hakupunguza hata shilingi. Aliomba jambo moja: aruhusiwe kuja bila taarifa siku yoyote.

"Pitia migombani kama kawaida yako," mama akadakia. "Unadhani sikuoni?"

Simu ikaita. Denis, sauti yake ikisikika mpaka nje ya simu. "Dada, ndiyo nataka kukata tiketi."

Kabla Yuditha hajafungua kinywa, mama alishanyoosha mkono wake ulio mzima, akaichukua simu.

"Kata, mwanangu, uje! Ukishuka Moshi pitia dukani, uchukue mifuko miwili ya saruji na bomba la kushikia. Mimi sina safari. Nyumba si ni yako? Basi na jiwe la bandani ni lako."