Bwana Yangu Alilala na Kitambaa ku Kinywa

Bwana yangu alianza kulala na kitambaa ku kinywa.

Si ugonjwa, hapana. Si meno. Mutu muzima mwenye akili yake, mbele ya kulala anachukua kitambaa, anafunga kinywa, anapiga fundo nyuma ya shingo, kisha ananipa mugongo.

Siku ya kwanza nilifikiri ni dawa ya kikohozi. Siku ya pili nikamuuliza, "Papa Bénie, hii ni nini?"

Akafungua kidogo. "Mi nasemaka mu usingizi. Na mu nyumba hii kuna masikio."

Mu nyumba tulikuwa batu batatu: yeye, mimi, na Bénie wetu ambaye alikuwa bado ananyonya. Donc fikirieni mwenyewe ni masikio ya nani.

Mi naitwa Berthe. Tulikuwa Nchelenge, mu Zambia, mwaka wa 1999, sisi batu ba ngambo ya ziwa, upande wa Kongo. Kwetu ni Pweto, na vita ilikuwa imeshika kule. Bwana yangu, Mulumba, alikuwa ananunua fretin, ile samaki kidogo ya kukausha, ba Zambia banaiitaka chisense. Anajaza mifuko, anapakiza ku kamio, lori kubwa, inazunguka na mupaka wa Kasumbalesa mpaka Lubumbashi. Kule ndugu yake Didier anauzisha ku soko.

Biashara ile, simu njo kila kitu.

Didier akisema bei imepanda Lubumbashi, unakimbia ku chabu, pale mitumbwi ya ziwa, ya Kilwa na Mununga, inatua, unanunua mbele ya wengine kusikia. Ukichelewa, wenye samaki nao bamejua. Unabakia na feza yako mu mukono unaangalia maji.

Mbele kulikuwa simu moya tu, ya kampuni kubwa, ile yenye waya ya inchi yote. Ofisi ilikuwa ku Boma, pale pa serikali. Kabine ya mbao, mulango ya kufunga, ndani joto ya kuivisha mutu. Aliyeisimamia ni Ba Lackson, "Ba" ni heshima ya kule, mutu wa shati nyeupe, hachekaka. Bei ilikuwa ya kuumiza, na ulilipa tu, maana ungeenda wapi?

Kisha akafika Hippolyte, jamaa wa Lubumbashi, kinywa tamu. Akapanga chumba chenye waya ya simu karibu na soko ya Kashikishi, akaandika ku ukuta: NUSU BEI.

Nusu. Na waya ni ile ile ya kampuni.

Alikuwa anapiga numero ya Amerika, inaita mara moya, anakata. Anangoja. Kisha simu inaita yenyewe, bibi muzungu wa mashine anasema kizungu chake mule ndani, halafu Lubumbashi inaingia, kwa bei ya Amerika, si ya kampuni. Batu bengine balifanya alama ya musalaba. Mais juu ya nusu bei, kesho yake balirudi.

Kampuni ikashusha bei kidogo. Hippolyte naye akashusha. Kampuni ikatuma batu kukata waya, baada ya siku kidogo waya ikarudi, musiniulize namna gani. Maneno nayo ikaanza kutembea. Ku Boma: Hippolyte anasikiliza masolo, mazungumzo ya batu, anayauzisha. Kwa Hippolyte: kabine ya Boma iko na sikio ingine ndani. Kila mutu anasema mwenzake ni mwizi, na sisi katikati tunawasikiliza bote wawili.

Njo pale bei ikaanza kuvuja.

Mulumba anaongea na Didier, anapanga kununua asubuhi. Asubuhi anafika ku chabu, batu bamejaa, bei imeruka. Mara ya kwanza akasema bahati mubaya. Mara ya pili akaniangalia vibaya. Mara ya tatu akakuta wa kwanza kabisa kwenye mitumbwi ni Parfait.

Parfait ni kaka yangu. Tumbo moya.

"Bei inatoka mu nyumba hii," Mulumba akaniambia, "inaenda kwa Parfait. Na mi siendi kwa Parfait."

"Papa Bénie, mi bei yako nimeijulia wapi?"

"Mu usingizi wangu."

Franchement, nilitaka kucheka. Kisha nikaona macho yake, kicheko ikanikauka.

Akasema siku ya Mungu, baada ya misa, dada yake mukubwa Mama Delphine atakuya na jamaa. Bakisikia nimeuzisha bwana yangu, nitapanda mutumbwi nirudi kwetu. Kwetu Pweto, mu vita.

"Na Bénie?"

"Bénie anabakia."

Mutoto wa maziwa.

Basi nikaanza kutafuta mwizi mwenyewe. Tangu siku ile sikuamini mutu. Jirani akinisalimia, najiuliza anataka nini. Hata ule bibi muzungu wa mashine nilimushuku, na hakujua hata Nchelenge iko upande gani.

Nikaenda kwanza ku Boma. Kabine ilikuwa wazi, hamuna mutu ndani.

"Ba Lackson, munasikilizaka batu mu simu?"

"Nikisikiliza, kazi nitafanya saa ngapi?"

"Na Hippolyte?"

Akaweka kalamu chini. "Bana Bénie," akasema, ndivyo ba Zambia banaitaka mama ya mutoto, "bei ya Hippolyte inanishinda. Amerika nayo inalipiwa. Mutu hawezi kuuzisha vile na akala. Muulize nani anamulipia ile nusu ingine."

Nikasema mu roho, wivu. Batu bamemukimbia, sasa anatafuta cha kusema. Nikamuaga.

Parfait nilimukuta ku chabu, anafunga mifuko yake.

"Kaka, bei unasikiaka wapi?"

"Pale batu bote banasikiaka."

"Banataka kunifukuza juu yako. Banataka kunipokonya mutoto."

Akavuta kamba ya mufuko. "Itapita, Berthe. Bwana yako ana hasira ya haraka." Hakuniangalia. Nikaondoka na wazo moya: mutu asiyekuangalia anajua kitu.

Ilibakia Hippolyte. Siku ya Mulumba kupiga simu, nikajifunika kitenge mpaka ku macho, Bénie ku mugongo, nikatangulia.

Nje ya chumba cha Hippolyte kulikuwa benchi refu chini ya dirisha. Lilijaa batu. Nikakaa ku mwisho, nikangoja kuona nani anaingia kupiga simu.

Hamuna aliyeingia.

Batu bamekaa tu. Jessica, bibi ya Hippolyte, anapita na birika anauzisha chai na vitumbua. Nikauliza bei ya chai. Ilikuwa bei ya sahani ya bukari, ugali yetu, na samaki juu.

Nikauliza mama wa karibu, "Mama, unangoja simu?"

"Hapana. Nakunywa chai."

"Ni nzuri?"

"Maji tu," akasema, akaomba kikombe ingine.

Mutu anakunywa maji ya bei ile, anaongeza, na hakasiriki?

Mulumba akafika. Hakuangalia benchi, hakunijua. Akaingia. Dirisha haikuwa na kioo, pazia tu, Hippolyte alisema ni juu ya hewa, si kama ile tanuru ya Boma. Nikasikia sauti ya Hippolyte vizuri: "Papa, laini iko mubaya leo. Pandisha sauti."

Sisi batu ba ngambo tumekomaa na phonie, ile radio ya misioni. Usipopiga kelele, hausikiwi. Mutu akikuambia pandisha, unapandisha, hauulizi.

Bwana yangu akapandisha.

"Didier! Fretin namna gani? Imepanda mara mbili? Bon! Kesho asubuhi nanunua yote ya Kilwa, usiambie mutu!"

Usiambie mutu. Mutu yule yule anayefunga kinywa ku kitanda.

Pa benchi vikombe vilikuwa vimesimama. Hamuna aliyetafuna. Simu ilipokwisha, batu bakaanza kusimama polepole, kwa adabu, moya moya, kama batu baliokumbuka kazi ku nyumba. Bote bakashika njia ya chabu.

Wa mwisho kusimama alikuwa Parfait. Kitenge changu kilikuwa kimeteremka. Akaniona, akaangalia kikombe yake, akaenda.

Ndugu yangu wa tumbo moya. Aliniacha nifukuzwe ku nyumba yangu, asipoteze kiti yake pa benchi. Ile iliniumiza kupita kitambaa cha Mulumba, na hata leo nikiikumbuka inauma.

Sasa nimwambie bwana yangu? Angesema, unaona, ulikuwa pale unaiba. Nikakaa na neno langu mpaka jioni, kisha nikasema, "Papa Bénie, siku ya Mungu munanipandisha mutumbwi. Bon. Mbele ya ile, kesho uninunulie chai moya."

"Chai?"

"Chai moya. Mi na weye. Pale nitakuonyesha."

Alinishuku, naona mu macho. Mais mutu anayefukuza bibi anaona haya kumunyima chai.

Siku ya posho, ile ya mbele ya siku ya Mungu, tukakaa pa benchi, yeye amevuta kofia mpaka ku macho. Jessica akaleta vikombe. Mulumba akaonja, akasema, "Hii ni maji."

"Kunywa," nikasema.

Ndani aliingia Ba Chola, mununuzi wa makobo, ile samaki kubwa ya ziwa, rafiki yake wa kweli. Mutu aliyekula kwetu mara ngapi sijui. Sauti ya Hippolyte: "Ba Chola, laini iko mubaya. Pandisha."

Ba Chola akapandisha mpaka dirisha ikatetemeka. Kitwe banataka makobo. Banataka yote. Atashika mali yote inayotua Kafutuma jioni hii, kabla batu habajajua.

Nilikuwa naangalia bwana yangu, si dirisha.

Kikombe yake ilisimama. Macho yakahesabu kitu. Kisha miguu ikaanza kutafuta kandambili chini ya benchi, yenyewe, bila kumuuliza. Akasimama nusu.

Nikamushika shati.

"Unaenda wapi, Papa Bénie?"

"Naenda... kuna mutu Kafutuma..."

"Ba Chola ni rafiki yako. Nani alikuambia bei yake? Bibi yake?"

Akabakia vile, nusu amesimama, nusu amekaa. Kisha akakaa. Alivua kofia, akaishika ku magoti, na masikio yake ikawa nyekundu kama ya mutoto aliyekamatwa na sukari.

Baadaye akaingia ndani mwenyewe, mi nyuma yake. Akaomba Lubumbashi. Hippolyte akasema, "Papa, laini iko mubaya, pandisha..."

Mulumba akaweka kidole ku kinywa chake, akasema pole pole kabisa, kama mutu mu kanisa, "Didier, unanisikia?"

Sauti ya Didier ikatoka safi, hata mi nikaisikia. "Nakusikia muzuri. Leo umepata heshima? Siku zote unanipasua sikio."

Mulumba akakata, akamugeukia Hippolyte. Nilifikiri atamupiga.

"Uliuzisha maneno yangu."

Hippolyte hakutetemeka. "Papa, mi sijamuuzisha mutu neno hata moya. Mi nauzisha chai. Simu ya nusu bei ni hasara tupu, chai njo inalipa Amerika. Mi nilikuambia tu pandisha sauti. Kusikiliza, balijifunza bao benyewe."

Na mubaya wa yote, alikuwa anasema kweli.

Habari ikatembea haraka kupita bei ya fretin. Kila aliyeketi pa benchi naye alikuwa amepiga kelele mu dirisha ile, donc hamuna aliyeweza kumutukana mwenzake. Balirudi ku Boma bote, mu kabine yenye mulango. Hippolyte na Jessica bakafunga mizigo. Kampuni nayo, ilipobakia peke yake, haikungoja: bei ikarudi juu pale pale ilikuwa. Ba Lackson hakucheka hata siku ile. Nilienda kumuomba musamaha, akasema, "Mi nilikuambia uulize, Bana Bénie."

Njo somo langu kwenu munaosoma hii mu simu zenu, na vitu vya bure munavyoshusha kila siku. Ukiuziwa kitu nusu bei, ile nusu ingine iko mutu anailipa. Tafuteni benchi iko wapi, na nani ameketi.

Mais siku ya Mungu ile sijawaambia.

Jamaa balikuya baada ya misa, maana hamuna aliyebaambia basikuye. Mama Delphine mbele, kiti kimepangwa, mutumbwi umeishatafutwa. Mi nilikaa chini ku mukeka, Bénie ku magoti, nimemushika na mikono miwili.

"Bon, Mulumba," Mama Delphine akasema. "Bibi yako amefanya nini?"

Bwana yangu akasimama. Akaangalia miguu yake. Akasema kitu mu ndevu, mudogo mudogo, kwamba bibi yake hana kosa, kwamba kosa...

"Namna gani?" Mama Delphine akauliza. "Hatusikii."

Akarudia, mudogo vile vile.

Nikanyanyua kichwa. "Papa Bénie," nikamuambia, "laini iko mubaya. Pandisha sauti."

Akaniangalia. Kisha akavuta pumzi, akapandisha. Alisema yote, kitambaa, dirisha, chai, Ba Chola, na jina langu mara nyingi, mpaka jirani bakatoka ku milango yao kusikiliza. Hamuna aliyelipa chai.