Bei ya Mwisho ya Waya

Jina la Waya alilipata chuoni, kwa sababu begi lake lilikuwa halifungi kwa nyaya, na hata alipokuwa mtu mzima anayeunda mifumo ya kompyuta ya watu, hakuna aliyekumbuka jina lililoandikwa kwenye cheti chake. Kazi aliijua. Hilo nalisema mapema tusije tukasumbuana. Mfumo wake haukuanguka ovyo, na ukianguka aliuinua bila kununa. Kilichomshinda ni kutaja bei. Huyu mwanamke hakuwahi kumeza neno mbele ya mtu, lakini mteja akiuliza "kiasi gani?" alikuwa anageuka bubu. Atashika kikombe, ataangalia dirisha, halafu atataja bei kama mtu anayeomba radhi.

Basi miaka ikapita, Waya yuko palepale alipoanzia. Na fundi wa kujitegemea hana mwajiri wa kumpandisha cheo. Wateja wananong'onezana wenyewe kwa wenyewe: yule dada mimi alinifanyia kwa hivi, usikubali zaidi. Ukishajulikana kwa urahisi, utazikwa na urahisi wako.

Aliyemfundisha kunyanyua kichwa ni Kaka. Hawakuzaliwa tumbo moja. Alikuwa fundi mwenzake, kamzidi umri kidogo, na walikodi pamoja chumba cha kazi juu ya duka la mshona nguo: meza mbili, birika la umeme, na feni inayotikisa kichwa kama mtu aliyeombwa mkopo. Kaka ndiye aliyempa mteja wake wa kwanza. Siku mama yake Waya alipozidiwa, Kaka ndiye aliyembeba mgongoni mpaka kwenye gari. Tangu hapo mama alimwita mwanangu, na akipika alimwekea chake pembeni.

Walikuwa na mtindo wao. Kabla ya mmoja wao kwenda kukutana na mteja, mwenzake anageuka mteja na kumbana. Kaka alikuwa fundi wa mchezo huo. Anavaa miwani, anakunja mdomo, anasema, "Binti, mpwa wangu kazi hii anaifanya bure." Waya akicheka, anakaripiwa: ukicheka na nyani utavuna mabua. Anabanwa hivyo mpaka aitamke bei yake ya mwisho, ile ambayo mteja akishuka chini yake, yeye anachukua mkoba na kuondoka.

"Itamke kwa sauti," Kaka alikuwa akimwambia. "Usipoitamka hutaijua, na usipoijua utaburuzwa. Lakini nje ya chumba hiki hiyo ni kama neno la siri la akaunti yako. Haipewi mtu."

Watu wa kompyuta hao, wanaoionya dunia nzima isigawe maneno yake ya siri, na kila mmoja ameshampa mwenzake la kwake. Hata hawakuliona.

Ikaja kazi ya Mama Dawa. Mama Dawa alikuwa na maduka ya dawa kila pembe ya mji, na alitaka mfumo mmoja utakaoonyesha dawa gani imebaki wapi. Ilikuwa kazi ya mwaka mzima. Waya akaona hii ndiyo ya kumtoa, na hakuwa anajifikiria yeye tu. Mama yake alikuwa anaishi kwa mama mdogo, mwanamke asiye na roho mbaya ila mdomo. Ukichota sukari anaitaja, ukiwasha taa anaitaja. Chumba cha Waya kilikuwa juu ghorofani na magoti ya mama hayakuitaka ngazi. Alikuwa amepata nyumba ya vyumba viwili, chini, yenye uwanja, na mwenye nyumba amekubali kumshikia kidogo. Mama alikuwa ameshaanza kukunja nguo.

Kwa hiyo siku moja kabla, Kaka akavaa miwani.

"Kumi na sita," alisema Waya. Laki kumi na sita kwa mwezi.

"Umelewa?"

Wakavutana. Waya aliomba kumi na sita akijua watakutana kwenye kumi na tatu, na kwa kumi na tatu mama anahama. Kaka akazidi kubana, akagonga meza, akasema ana mafundi wengine wanasubiri nje. Mwishowe Waya akaishiwa.

"Tisa na nusu. Chini ya hapo naondoka."

"Na hiyo inamhamisha mama?"

"Haimhamishi. Ningelipa chumba changu, ningekula, na mama angebaki alipo. Ndiyo maana ni ya mwisho."

Kaka akavua miwani. "Umeiva," akasema. "Nenda kachukue kumi na tatu yako."

Asubuhi yake Waya aliingia ofisi ya Mama Dawa, nyuma ya duka kubwa, katikati ya maboksi ya dawa za kikohozi yaliyofika dari. Alitoa shikamoo, akaitikiwa marahaba, akaketi. Alipoulizwa akasema kumi na sita, sauti haikutetemeka, hakutafuta kikombe wala dirisha. Mimi ningempigia makofi.

Mama Dawa hakushtuka. Hakulalamika kwamba biashara ni ngumu, hakumtaja mpwa. Na mfanyabiashara asiyelalamika, mwogope.

"Tisa na nusu," akasema.

Waya alidhani ni bahati mbaya. Akaeleza kazi ilivyo, akashuka kumi na tano, akashuka kumi na nne. Mama Dawa alimsikiliza kwa upole kama mtu anayemngoja mtoto amalize kulia.

"Tisa na nusu, binti yangu. Najua unataka kumhamisha mzazi, na Mungu atakulipa kwa hilo. Lakini mzazi ana pa kulala, hayuko barabarani. Mwakani tutazungumza tena."

Waya akamkazia macho. "Habari za mama yangu umezipata wapi, mama?"

"Si kwa msimamizi wangu mpya wa kompyuta? Kaka yako. Kaniambia nyie ni familia." Alisema hivyo bila ubaya wowote, akidhani anamfurahisha.

Watu husema fulani kamwaga mtama kwenye kuku wengi. Huyu hakumwaga. Alichagua kuku mmoja, aliyenona, akamlisha kiganjani.

Waya akasimama. "Nashukuru, mama. Sitaiweza."

"Tisa na nusu huiwezi?"

"Naiweza. Sitaki."

Alimkuta Kaka chumbani anachemsha chai, vikombe viwili. Kile kikombe cha pili ndicho kilichomtia hasira kuliko yote.

"Tangu lini?" akamuuliza.

Kaka hakujifanya haelewi. Tumpe hilo. "Wiki iliyopita waliniita. Ajira ya kudumu, mdogo wangu, mshahara kila mwezi, bima. Nimechoka kuombaomba kazi. Wakaniuliza nitawasaidiaje kupunguza gharama. Mkono mtupu haulambwi."

"Kwa hiyo ukanipeleka mimi."

"Nilikuwekea kazi mkononi. Wangepata mtu wa laki saba. Jana jioni niliwaambia, huyu tisa na nusu anaifanya, na anaifanya vizuri."

"Jana ulivaa miwani ukijua."

"Nilitaka kuwa na uhakika," alisema Kaka, taratibu, na angalau aliona aibu, maana aliangalia birika.

Waya alitaka kumtukana na tusi lilikuwepo, limekaa tayari. Halikutoka. Huyu alimwita kaka kwa hiari yake, hakupewa na mzazi, na inauma vibaya moyo wako mwenyewe ukikuchagulia ndugu mbaya. Akachomoa kompyuta yake ukutani, akashuka ngazi.

Njia nzima alipanga atakavyomwambia mama. Alimkuta amekaa kitandani, nguo zimekunjwa vizuri pembeni yake.

"Kaka yako kanipigia," mama akaanza. "Anasema kazi ulipewa, ukaikataa."

Kumbe kamtangulia na huku.

"Mama, yeye ndiye aliyewapa bei yangu ya mwisho. Nilimwambia yeye peke yake, na yeye akawauzia."

Mama akafikiri. "Aliwadanganya?"

"Vipi?"

"Hiyo bei. Ni yako, au aliitunga?"

"Ni yangu," alisema Waya.

"Ameniambia kwa bei hiyo mimi nilikuwa nabaki hapa."

 Waya angeweza kueleza kwamba kila fundi lazima awe na bei ya mwisho, kwamba ni hesabu tu, kwamba haikuwa ya kutumika. Yote yalikuwa kweli, na hakuna hata moja ambalo lingemhamisha mama.

"Sikulaumu," mama akasema. "Ila ulishakaa ukapiga hesabu, mwanangu, ukaona inawezekana."

Kutoka jikoni sauti ya mama mdogo ilisikika ikiuliza nani kaacha bomba linatiririka. Mama akajishika magoti, akainuka polepole.

"Haya, nipishe nikamsaidie vyombo," alisema, "asije akasema."