Leso Niliyosema Isifuliwe

Ukiingia soko la Rongo kutoka barabara kuu, wapite wauza ndizi, mpite fundi wa viatu, utaniona. Mimi ndiye niliyekaa katikati ya mabeseni na vitanda vya watoto, nikigombana na mtu. Nauza vitu vya watoto vilivyotumika: neti, blanketi, vitanda vya mbao, nguo za mitumba. Jina langu ni Mellen Mokeira lakini sokoni naitwa Mama Elkana. Wengine huniita yule mama mkali, na hawajakosea.

Kwa nini nisiwe mkali? Mzazi anakuja na mtoto wake wa kwanza, macho yote kwenye viatu. Viatu! Mtoto hata shingo haijakaza, anaenda wapi na viatu? Namwambia, dada, rudisha hivyo. Chukua beseni pana la kuogea, neti, blanketi mbili, na leso. Leso nyingi. Utambebea, utamfunika, utamtandikia, utampangusia. Kile kigari cha magurudumu wanachomwekea mtoto ajifunze kutembea, mimi siuzi. Nimeona mtoto akikiendesha mpaka kwenye jiko lenye sufuria ya chai, na sitaki kusimulia zaidi.

Phelesia nilimjua kwa kumgombeza. Alikuja na mtoto wake Cate ana wiki tatu, kwa sababu huku kwetu wengi huogopa kumnunulia mtoto kitu kabla hajazaliwa, na alikuwa amemvalisha soksi juu ya soksi, kofia juu ya kofia, jua la saa saba. Nikamwambia, wewe, unataka kumpika? Akacheka, halafu akaanza kulia, vyote pamoja, jinsi mama mchanga anavyolia. Alikuwa mwanafunzi wa chuo pale Rongo, mwaka wa mwisho, anasomea ualimu wa hesabu. Mumewe, Dishon, aliendesha lori kutoka Isebania kwenda ndani kabisa ya Tanzania na kurudi baada ya wiki nyingi. Kumbe Phelesia alikuwa amepanga chumba milango miwili kutoka kwangu, na mimi sijui.

Basi nikajichagulia kazi. Nilimwambia, nenda kwa walimu wako mwenyewe, uwaambie una mtoto anayenyonya, usingoje wakuone unasinzia ndio waulize. Darasani keti karibu na mlango. Nyonyesha kabla hujatoka, sio ukiwa umechelewa. Usisome mtoto akiwa macho ukidhani utaweza vyote, utakosa kitabu na utakosa mtoto. Msome yeye akiwa macho, soma kitabu akilala. Siku za mtihani nilisimama nje ya dirisha la ukumbi na Cate mgongoni, nikihesabu kope za jicho lake. Nilikuwa na miaka mingi sijabeba mtoto kwa raha namna ile.

Halafu ikaja barua ya mazoezi ya kufundisha. Muhula mzima, Mei mpaka Agosti, shule ya huko Ndhiwa, kaunti ya Homa Bay. Cate ana miezi sita. Tulitafuta yaya, tukampata, wakaenda naye Ndhiwa. Siku ya nne yaya alisema anaenda kuteka maji, akaacha mtungi kisimani, akapanda pikipiki. Phelesia alikuwa na darasa saa mbili na mkaguzi angeweza kuja wakati wowote bila kusema. Mama mkwe wake, Mama Dishon, anakaa Muhuru Bay, anaanika na kuuza omena, wale dagaa wa ziwani. Akapiga simu mwenyewe: "Mlete mtoto. Malizia hiyo shule."

Phelesia aliponiambia kwa simu, nilianza kukunja upya blanketi zilizokuwa zimeshakunjwa. Akauliza, "Mama Elkana, nimekosea?"

"Hujakosea," nikamwambia. Ningesema nini? Mwanangu Elkana nilimwacha na mama yangu akiwa na mwaka mmoja na miezi miwili, nikaenda Nairobi kulea mapacha wa watu. Miaka miwili. Niliporudi nyumbani na mfuko wa zawadi alijificha nyuma ya sketi ya mama yangu, akachungulia, akasema, "Karibu, Anti." Watu wakacheka, na mimi nikacheka. Elkana sasa ana miaka ishirini na minne, yuko Isebania, kijana mzuri hana neno. Soko lote linaniita Mama Elkana. Yeye akinipigia simu husema, "Anti, umeamkaje?"

Kwa hiyo nilijua jambo lenyewe hasa. Sio omena, sio mtihani. Ni kama Cate atamjua mama yake Agosti.

Phelesia alinipigia kila siku saa kumi shule ikifungwa. Mwanzoni ilikuwa maziwa. Nilimwambia yakamue asubuhi, mchana na jioni, hata kama utayamwaga, usipokamua yatakata na mtoto akirudi atakuta kumekauka. Alikuwa akijifungia kwenye stoo ya vitabu wakati wa chai, anakamulia kikombeni, halafu anamwaga nyuma ya ofisi ya walimu, kwenye maboga. "Yale maboga yamenona," akaniambia siku moja. Nilitamani niruke kwenye simu nimshike.

Wiki ya tatu alienda Muhuru Bay, Jumamosi mpaka Jumapili. Cate alimng'ang'ania usiku kucha. Alipoondoka mtoto alilia siku tatu, hakula uji, akapata homa. Mama Dishon akasema, bila ubaya wowote, kwamba ni afadhali asije tena mpaka amalize, anamuumiza mtoto. Na Phelesia angembishia vipi mama mkwe ambaye analea mtoto wake bure na kwa moyo safi? Akasema, "Sawa, Mama." Mapumziko ya katikati ya muhula, badala ya kwenda ziwani, akaja kwangu Rongo, akalala kwenye kitanda changu akiangalia picha kwenye simu.

Hapo ndipo nilipomkumbuka yule mama wa mapacha wa Nairobi. Akisafiri kikazi aliniachia gauni lake la kulalia na kuniambia nisithubutu kulifua. Nililiweka kati ya watoto nao wakalala. Nikaenda kwenye meza yangu, nikatoa leso nyekundu yenye michoro ya korosho nyeupe, nikampa. "Lala nayo siku nne. Jifunge, toka jasho nayo, maziwa yadondoke humo. Usiifue, unanisikia? Usiifue! Halafu mpelekee Cate alale nayo. Mtoto hana kichwa cha kukumbuka sura. Pua yake ndiyo itakumbuka."

Alinikumbatia mpaka mgongo ukalia. Wiki iliyofuata akaniambia leso amempa Job, dereva mmoja anayeleta samaki Homa Bay kutoka Muhuru na kurudi na pikapu tupu. Nikatulia. Nikaanza hata kujisifu kwa mama wa ndizi, nikisema mimi ningekuwa daktari.

Agosti ikafika. Phelesia alifaulu, mkaguzi alimsifu, na badala ya kufurahi alinipigia akisema anaogopa kwenda peke yake. Nikafunga meza. Nikachukua neti mpya na kitanda kidogo cha kukunjwa, tukaondoka.

Tulifika Muhuru Bay saa nane. Omena zimeanikwa kwenye nyavu chini, uwanja mzima unameta na kunuka, na Mama Dishon ameinama anazigeuza kwa mkono, mtoto mgongoni. Kitu cha kwanza nilichoona sio mtoto. Ni leso. Ile nyekundu yenye korosho nyeupe, amejifunga yeye, ndiyo amembebea Cate.

"Cate! Cate wa mama!" Phelesia alikuwa ameshakimbia.

Mtoto alimtazama, akamtazama vizuri tu, kisha akafukia uso kwenye shingo ya bibi yake. Phelesia akanyoosha mikono. Cate akapiga yowe. Akalia mpaka akakaukiwa, amekunja ngumi kwenye hiyo leso hataki kuachia. Phelesia akarudi nyuma hatua moja, akarudi na nyingine, mikono bado iko hewani. Woi, Mungu wangu. Nimeuza vitu vya watoto miaka kumi na minne na sijui chombo cha kumpa mtu wakati kama ule.

"Atazoea, atazoea," Mama Dishon akawa anasema, huku anarukaruka kumbembeleza.

Nikashindwa kujizuia. "Mama, samahani. Hiyo leso..."

Uso wake ukang'aa. "Umeiona? Mwanangu huyu alinitumia. Imepigwa pasi, imekunjwa, inanukia sabuni! Nikasema, kweli Dishon alioa. Nimeivaa kanisani Jumapili tatu, kila mtu ameulizia."

Nikamgeukia Phelesia. Alikuwa anaangalia chini.

"Uliifua?"

"Nililala nayo siku nne, kama ulivyosema." Alisema kwa sauti ya mtoto aliyevunja kikombe. "Halafu nikaikunja kuituma. Ikanuka jasho, ikanuka maziwa yaliyochacha. Mama Elkana, ningetumaje leso chafu kwa mama mkwe? Angesema mwanawe ameoa nani? Nikaifua kidogo tu. Halafu nikaona haina pasi."

"Na Job ulimwambia aseme nini?"

"Aseme ni ya Cate. Kumbe yeye alisema tu imetoka kwa Mwalimu, yaani kwangu."

Nilitaka kupiga kelele. Nilikuwa nimeshafungua mdomo. Lakini nimpigie nani? Mke wa mtu anatuma leso safi, imekunjwa, kwa mama mkwe. Mama mkwe yupi hapa ziwani, au hata kwetu, asingejua hiyo ni zawadi yake ya heshima? Mimi mwenyewe ningeivaa kanisani. Nilipotoa lile shauri langu la daktari nilisahau kwamba kati ya mama na mtoto kulikuwa na mkwe.

Tukamweleza Mama Dishon. Tulimweleza kwa shida, mtoto analia, Phelesia analia. Alisikiliza yote. Akaketi kwenye kigoda. "Kumbe nimevaa ya mtoto," akasema polepole. "Wiki zote hizi nimevaa ya mtoto."

"Hapana, Mama, ni kosa langu," Phelesia akasema.

"Nyamaza kwanza." Akanipa Cate, ambaye alinilia mimi pia, na ilinichoma kuliko nilivyotarajia kwa sababu nilimbeba mtihani mzima. Akaivua ile leso iliyobaki kiunoni. Ilikuwa imelowa jasho, ina moshi, ina omena, ina uji. Akamwendea mkwewe, akamfunga juu ya blauzi yake nyeupe ya ualimu, akaikaza kifuani kwa mikono yote miwili.

"Inama hapa nilipokuwa. Geuza omena. Usimuite, usimwangalie."

Phelesia akainama. Akageuza omena, vibaya, anazivunja. Mama Dishon akamchukua Cate kwangu, akamweka juu ya gunia, naye akaenda kusimama nyuma ya nyumba asionekane. Mtoto akalia, akamtafuta, akapunguza, akawa anapiga kwikwi tu. Akaiona ile nyekundu. Akatambaa. Alitambaa kwa magoti mpaka kwenye pindo, akalishika, akaliingiza mdomoni, akaegemeza shavu lake kwenye mguu wa mama yake. Phelesia hakugeuka. Niliona mkono wake bado unageuza omena zilezile. Cate akavuta, akapanda, akasimama amemshika paja. Ndipo blauzi ikalowa mbele, mahali pawili, maziwa yametoka yenyewe.

Mama Dishon akarudi, taratibu.

"Ananikubali kwa sababu nanuka wewe, Mama," Phelesia akasema, bado ameinama.

"Basi nuka mimi kwanza. Utanuka wewe baadaye."

Siku ya tatu alinyonya. Nilipigiwa simu nikiwa nimesharudi Rongo, nikamfokea mteja wa viatu kwa furaha. Sasa leso ile wanafungana kwa zamu, bibi siku moja, mama siku moja, na hakuna anayeifua.

Lakini nikirudi chumbani jioni simwoni Phelesia wala Cate. Namwona mama yangu. Alifariki mwaka mmoja baada ya mimi kurudi kutoka Nairobi, Elkana akiwa na miaka minne, na Elkana alikaa mlangoni siku nyingi akimngoja, akikataa nimbebe. Leso ya kila siku ya mama yangu, ya kijani, ilikuwa imening'inia kwenye msumari. Ningejifunga tu. Gauni la mama wa mapacha nilikuwa nimelitunza bila kulifua, hila hiyo niliijua, na haikunijia kichwani. Wanawake wa boma waliniambia nifue vitu vya marehemu, nikaona aibu vikae vichafu na wageni wamejaa, nikafua. Nikafua vizuri, maji mawili. Elkana aliifuata ile leso kwenye kamba, akaivuta chini, akazika uso ndani yake. Akainusa, akainusa tena. Halafu akanirudishia mkononi, akasema, "Shika, Anti."