Siku Niliyomposa Asila Bila Kujua

Haya, chekeni tu, maana nisipowaeleza mwenyewe atawaeleza kaka yangu Seif, na yeye hutia chumvi: mimi, mama mzima wa watoto watatu, niliwahi kwenda Dima wa Tayyin, milimani kule Oman, nikaposa binti wa watu, na katika nyumba ile nzima asiyejua kwamba ninaposa nilikuwa mimi peke yangu.

Wakati ule, mwishoni mwa miaka ya tisini, nilikuwa ofisi ya wanafunzi katika chuo kimoja cha Ibra, wanafunzi wakiniita Abla, kama mwalimu wao wa kike. Kazi yangu ilikuwa yale yasiyofundishwa darasani: nani kakosa usafiri, nani anaumwa, nani kaitwa kwao hakurudi. Asila alikuwa mmoja wao. Hesabu akizimaliza kabla mwalimu hajageuka kutoka ubaoni, lakini wiki ya pili ilikuwa inakatika hajaonekana bwenini, simu ya kwao haiiti, na ikiingia wiki ya tatu jina linafutwa. Nikasema, jina la mtoto huyu halifutwi na mie nipo.

Alkhamisi, siku ya mapumziko zama hizo, nikamwomba Seif anipeleke, kwa sababu njia ya milimani ilikuwa mawe matupu na gari langu dogo, tumbo chini, lisingepita. Akakubali, ila jioni alikuwa na harusi ya rafiki yake, basi akaja na kanzu mpya, kilemba safi na jambia kiunoni (miaka thelathini na mbili, hajaoa). Mie nami nikaona vibaya kuingia kwa watu mikono mitupu, nikamsimamisha dukani nikanunua halua, bakuli kubwa lile la harusi, kwa kuwa madogo yalikuwa yamekwisha. Hapo ndipo nilipojimaliza.

Tulipofika, Seif akakaribishwa majlis, baraza la wanaume, na baba yake Asila, mie nikaingizwa ndani kwa wanawake. Kule huulizwi ulichofuata mpaka ule tende unywe kahawa, na Kiarabu changu (nimekulia Tabora, kwetu Kiswahili tu) kilikuwa cha ofisini, kifupi kifupi. Bibi yake Asila akalitazama bakuli, akanitazama mie, akauliza kwa Kiarabu tumekuja na kheri gani. Nikajibu, najiona fasaha kweli:

"Tumekuja kwa ajili ya Asila. Tunamtaka."

Vigelegele! Nikadhani wamefurahi kuona chuo kinamjali mtoto wao, nikatabasamu, nikaongeza kwamba tunamtaka haraka, Jumamosi hii hii. Vigelegele tena. Majirani wakaanza kuingia na masufuria, na uani nikasikia mbuzi kalia mara moja akanyamaza. (Huko majlis Seif, ambaye Kiarabu chake ni kibovu kuliko changu, alikuwa anaulizwa ukoo na kazi yake, na kila swali anajibu inshallah.)

Akaingia Asila na birika, kainamisha kichwa, macho mekundu. Alipoinua uso akaniona, nusura aliangushe.

"Abla Zuwena! Mie sitaki kuolewa na kaka yako! Nataka kurudi chuoni!"

Nikashika kichwa, Kiswahili kikanitoka chenyewe: "Yarabi, nimekwisha!"

Yule bibi akageuka. Kumbe ujana wake kauishi Unguja. "Mwanangu, kumbe wasema Kiswahili? Hebu nambie: umekuja kuposa au umekuja kusomesha?"

"Shikamoo, bibi. Kusomesha."

Akamwita baba mtu mpaka mlangoni, nyuma ya pazia, akamweleza. Baba akasema, "Mbuzi keshachinjwa." Basi, hilo tu.

Wallahi nilitamani ardhi ipasuke. Ningeweza kuomba radhi nikaondoka, lakini nikajiambia, aibu imeshanipata, angalau isinipate bure. Nikasema, bibi akitafsiri, "Baba Asila, nisamehe. Lakini Jumamosi asipoonekana jina lake linafutwa. Mbona hamumrudishi?"

"Sijamkataza," akajibu. "Mama yake kapasuliwa mgongo, yumo chumba cha pili, haruhusiwi kuinuka. Na Asila ana wadogo zake wanne. Nani atawapikia?"

Nikatazama huku na huku: wanawake kumi, mikono ya nguo wameshaikunja, tayari kwa karamu ya posa. Nikawauliza, "Jamani, leo mlikuwa tayari kumpikia bwana harusi msiyemjua. Nani atampikia mama huyu siku za masomo?"

Wakatazamana. Kisha shangazi yake Asila akasema, "Jumamosi mimi." Jirani mmoja akazichukua Jumapili na Jumatatu, wa nyuma yake Jumanne. Bibi akasema Jumatano ni yake, na asije mtu kumwambia kazeeka.

Tukamla mbuzi. Kabla ya kuondoka nikapelekwa kwa mama, kalala ubavu, akanishika mkono hauachi. "Si ulikuja kumtaka?" akaninong'oneza, Kiarabu chepesi hata mie nikakielewa. "Haya, nimekupa. Mchukue."

Jumamosi Asila alikuwa darasani kiti cha mbele, na chuo alikimaliza.

Mie tangu siku ile nimeapa: nikienda nyumba ya watu, nilichofuata nakisema mlangoni, hata viatu sijavua. Na mwanafunzi akipotea, la kwanza nauliza, nyumbani kwao nani anaumwa?