Seleri kwenye Mtori wa Mama

Juzi sokoni mjini Moshi muuza mboga alikung'uta maji kwenye fungu la seleri, na harufu ikanipanda puani kabla sijaiona mboga yenyewe. Nikasimama pale nimesahau nilichofuata. "Nikufungie, dada?" akaniuliza. Nikasema hapana, nikasema ndiyo, mwisho nikanunua nyanya nikaondoka zangu.

Ninyi mnaoijua seleri ya kwenye supu ya hotelini mtanishangaa. Lakini kwetu Uru mboga ile iligawa nyumba nzima, na mpaka leo ukiitaja ndugu wakikutana, ubishi unaanza upya.

Nilikuwa darasa la pili mama alipojifungua mdogo wangu, Deo. Kwetu mzazi hashiki jembe wala hachoti maji. Analala ndani, anaogeshwa maji ya moto, analetewa mtori mpaka ananenepa, na siku akitoka nje mashavu yamejaa, sifa zote zinakwenda kwa mama mkwe. Kwa hiyo mashavu ya mama yangu yalikuwa heshima ya bibi, mzaa baba. Bibi alichemsha ndizi mshare na nyama ya mfupa, akazipekecha mpaka zikalainika, akatia maziwa na siagi, akanikabidhi bakuli. Kazi yangu ilikuwa hiyo tu: kupeleka bakuli na kurudisha bakuli.

Bakuli likawa linarudi limejaa.

Mama hakugoma, msije mkamfikiria vibaya. Alichukua kijiko, akakitia mdomoni, akakaa nacho, kisha akakirudisha bakulini na kugeukia ukutani. "Asante, mwanangu," alisema, kama mtu anayeongea usingizini. Deo akiwekwa kifuani alivuta, akaachia, akalia. Maziwa hayakuwa yanashuka. Mtoto yule alikuwa na kilio chembamba ambacho nilikisikia hata nikiwa kwenye migomba nakata majani ya ng'ombe.

Ndipo shangazi Fausta, dada yake baba, akapanda kutoka mjini na mfuko wa seleri. Alikuwa mpishi wa hoteli, na alikuwa hapingwi kwa urahisi.

"Mama, mtori wako ni mzuri, lakini hauna harufu ya kumwita mtu," alimwambia bibi. "Tia seleri kidogo. Inaleta hamu ya kula, na maziwa yatashuka yenyewe."

Bibi alichukua jani moja, akalitafuna taratibu, akalitema mlangoni. "Yesu na Maria! Fausta, hii ni dawa ya kuogeshea ng'ombe. Unataka kumwua mkamwana wangu?"

Basi, vita ikaanza. Shangazi aliomba likizo, akapanda miche yake kando ya mfereji, na jikoni pakawa na vyungu viwili, kimoja cha seleri na kimoja kisicho na seleri. Kila aliyekuja kuona mtoto alikalishwa, akapewa vibakuli viwili na kutakiwa aseme ukweli. Jirani mmoja alisema inachangamsha ulimi. Mwingine akasema amesikia ladha ya sabuni. Katekista alionja mara tatu, akasema kila mpishi ana karama yake, akaomba aongezwe nyama. Baba ndiye aliyetuchekesha zaidi. Bibi akiwapo, seleri ilikuwa inanuka. Shangazi akiwapo, ilikuwa inanukia.

Halafu ng'ombe wetu akakata kamba usiku, akala miche karibu yote. Bibi alishangilia. "Mmeona sasa? Nilisema ni ya ng'ombe!" Furaha yake haikufika jioni. Maziwa ya siku ile yalitoka na harufu ya seleri, na kwa kuwa mtori wa bibi unakwenda na maziwa, chungu chake nacho kikanukia seleri tupu. Shangazi alicheka mpaka akakaa chini.

Mimi nilicheka pia, kisha nikapeleka bakuli.

Likarudi limejaa.

Hilo ndilo nililokuwa nashindwa kulieleza, na nani angemsikiliza mtoto? Bakuli la bibi likirudi limejaa, shangazi alisema, "Si nilikwambia, halina seleri." La shangazi likirudi limejaa, bibi alisema, "Si nilikwambia, lina seleri." Mimi niliyebeba yote mawili ndiye niliyejua kwamba mama alivifanyia vijiko vyote jambo lilelile. Mikono yake ilikuwa imebaki mifupa. Siku moja nilimkuta bibi peke yake jikoni, analia na moshi wala haupo. "Watasema nimemnyima," aliniambia. "Anjela, kamwambie ale. Wewe atakusikia."

Nikaenda. Nilipiga magoti kando ya kitanda nikasema, "Mama, kula kidogo tu, nakuomba. Deo ana njaa."

Alinitazama. Machozi yalimtoka bila sauti, na hakuyafuta. "Siwezi, mwanangu," alisema. "Siwezi." Nilibaki nimeshika bakuli mpaka mtori ukapoa na kufanya utando juu. Sikujua la kufanya. Niliogopa kuliko nilivyowahi kuogopa.

Deo aliokolewa na maziwa ya ng'ombe, kwa kijiko. Mama hakuokolewa na mtu yeyote. Siku moja tu, mvua zikiwa zimekatika, alijitokeza mwenyewe, akakaa juani karibu na mlango wa jikoni, akaomba chai. Siku zilizofuata akaanza kula. Bibi alisema ni mtori wake, shangazi akasema ni seleri yake, na kila mmoja alikufa na jibu lake.

Mwaka juzi nikajifungua mimi. Mtoto alikuwa mzima, mume wangu anacheka na kila mtu, na mimi nilikuwa nimelala natazama ukuta. Mama aliteremka kutoka Uru na chupa ya mtori. Akanimiminia. Nikatia kijiko mdomoni, nikangoja. Hakuna kitu. Si chumvi, si nyama, si ndizi.

"Umetia nini?" nilimwuliza.

"Seleri. Ya pale mferejini kwa shangazi yako."

"Sisikii ladha yoyote, mama." Na hapo nikaanza kulia, nisijue nalia nini.

Hakuniambia nile. Alichukua bakuli akaliweka chini, akavua viatu, akapanda kitandani akalala nyuma yangu, mkono wake juu yangu.

"Hata mimi sikuisikia," alisema mwishowe. "Walikuwa wanabishana huko jikoni, nawasikia wote. Inanuka, inanukia. Nikawa najiuliza, hivi ina ladha gani?"

Mtori ulikuwa unapoa sakafuni. Maoni ya kila mtu kuhusu seleri nilikuwa nayajua, hata ya ng'ombe. Ya mama ndiyo kwanza nayasikia, na sikuwa na nguvu hata ya kugeuka nimtazame.